Creps za Delano

Watu wa Tottenham, London, wana viatu, na wana creps. Viatu ni vile vya shule, vya mazishi na vya kwenda mahakamani. Creps ni raba unazozipangia siku ya kuzivaa, unazozisugua kwa mswaki, na mwenzako akizikanyaga ndani ya basi, hata kwa bahati mbaya, sharti aombe radhi kwa sauti inayosikika mpaka kwa dereva. Mkikutana, macho huanza miguuni ndipo yapande usoni. Ukimwambia mtu "creps kali hizo," umemsalimia yeye pamoja na ukoo wake. Bi Merlene, mzaliwa wa Clarendon, Jamaika, jambo hili lilikuwa likimchekesha mpaka anashika mbavu. Kwao neno hilo lilikuwa la raba za turubai za bei ya chini, za mtoto ambaye wazazi wake wameshindwa kumnunulia viatu vya ngozi. Na yeye alivuka bahari nzima aje kuwasikia wanawe wakilitamka kama wanataja dhahabu.

Wanawe walikuwa wawili. Delano, mkubwa, alikuwa mtu wa creps haswa, wa kutembea kama bata ili kiatu kisiingie mkunjo pale vidole vinapopinda. Curtis, mdogo, alikuwa mwizi. Miguu yao ilivaa namba ile ile, na huo ndio uliokuwa msiba wa nyumba ile. Delano akiondoka tu, Curtis amekwisha kuziingia, yuko barazani anajitembeza. Akirudi anazifuta kwa tishu iliyoloa na kuzirudisha kwenye boksi, eti kaka yake hataona. Delano alikuwa anaona. Walipigana kila wiki, mpaka jirani wa chini akawa anagonga dari kwa ufagio.

Delano alipokuwa na miaka kumi na tisa, alinunua creps nyeupe zenye mstari wa buluu, za soli nene yenye kidirisha kisiginoni ambamo unaiona hewa iliyofungiwa. Aliziweka zingoje sikukuu yake ya kuzaliwa. Kabla sikukuu haijafika, ukazuka ugomvi nje ya duka la kuku wa kukaanga, na kijana mmoja akachomwa kisu, akafa. Delano hakushika kisu. Alikuwepo tu, na sheria ya huko ilisema waliokuwepo na aliyechoma ni kundi moja. Alipewa kifungo cha maisha, na asifikiriwe kutoka kabla ya miaka kumi na sita.

Siku ya hukumu, wakati askari wanamteremsha ngazi za kizimbani, aligeuka akamtafuta mdogo wake kwenye viti vya juu. "Dogo!" akapiga kelele. "Zile creps! Nizikute safi!" Kuna waliocheka. Bi Merlene alilia, na Curtis, wa miaka kumi na sita wakati huo, akaona amekabidhiwa amana.

Basi mwizi akaokoka. Alizifunga creps zile kwa nailoni ya kufunikia chakula, raundi tatu, akazirudisha kwenye boksi, na boksi akaliweka juu kabisa kabatini, mbali na bomba la jirani wa juu lililokuwa likivuja. Kila mwezi alizifungua, akazifuta juu kwa kitambaa, akazifunga upya. Hakuwahi kuzivaa, wala kupenyeza hata kidole gumba. Alipoanza kazi ya kuendesha basi alipewa viatu vyeusi vya kazini, vizito, vya kamba, akavipenda kwa sababu havikumdai chochote. Hakununua creps tena. Mazungumzo ya creps aliyaacha kama mlevi anavyoiacha baa, hata zile mara chache alipomtembelea kaka yake jela.

Boksi lile likawa mpangaji. Bi Merlene alipostaafu na kurudi Clarendon, alimwomba Curtis aende akakae naye hata mwezi mmoja. Curtis akasema haiwezekani, bomba la jirani wa juu linavuja, na akiondoka nani atalitazama kabati? Akaja Adwoa, muuguzi, mwanamke wa kucheka na wa kazi, akampenda Curtis hivyo hivyo na viatu vyake vyeusi. Adwoa alipopata kazi Leicester akamwambia twende. Curtis akasema kaka yake lazima aikute nyumba kama alivyoiacha. "Mpenzi," Adwoa alimwambia akiwa amesimama mlangoni na begi lake, "ndugu yako yuko jela kwa amri ya hakimu. Wewe uko jela kwa amri ya nani?" Akalitundika begi begani. Kisha akaenda zake, na miaka miwili baadaye akaolewa. Curtis aliumia, tena sana, na mwezi ule alizifuta zile creps mara mbili.

Halafu, wiki chache kabla ya Delano kutoka, zikaja habari za masharti. Kwanza atakaa hosteli ya watu waliotoka jela, huko Croydon, na siku ya kutoka awe amefika kabla ya saa nane mchana. Akichelewa anarudishwa ndani. Na Tottenham haruhusiwi kukanyaga, kwa kuwa ndugu wa marehemu bado wanaishi pale. Curtis aliyasoma hayo akiwa amekaa sebuleni, kwenye nyumba aliyoilinda kila kitu chake mahali pake, mpaka pazia. Hakujua acheke au atupe kitu ukutani.

Lakini creps zilikuwepo. Hizo hakuna aliyezikataza.

Asubuhi ya siku yenyewe alikuwa nje ya lango la jela kabla halijafunguliwa, boksi kwapani, na mkate wa nyama wa Kijamaika mfukoni umefungwa kwenye karatasi ya fedha. Delano akatoka. Alikuwa amenenepa shingo na kupungua nywele, na mfuko wa plastiki wenye mali yake yote unaning'inia mkononi. Wakakumbatiana kwa nguvu, kila mmoja akijifanya si yeye anayetetemeka.

"Umezeeka, dogo."

"Na wewe umekuwa kama mjomba Fitzroy. Shika hizi."

Delano akafungua boksi. Karatasi laini ilikuwa bado ina mikunjo ya dukani. Creps ziling'aa kama zimetoka kiwandani juzi, nyeupe pe, mstari wa buluu haujapauka hata kidogo. Akapitisha kidole gumba juu ya mstari huo. Kisha akakaa kwenye ukingo wa barabara, akavua vile viatu vya jela vya kuvuliwa na kuvaliwa bila kamba, akavitupa kwenye pipa la taka la kituo cha basi kwa fujo ya mtu anayelipa kisasi.

"Kaka, si ungevibeba kwanza?"

"Nivibebe niende navyo wapi? Vife hapo hapo." Akafunga kamba, akasimama, akapiga hatua mbili za bata. "Ee! Umeona? Umeona, wewe?"

Curtis aliona. Kifua kilimjaa furaha ambayo alikuwa ameisahau ladha yake. Akajiambia kazi imekwisha, sasa na yeye yuko huru.

Ndani ya treni ya kwanza Delano alikula mkate wake kwa pupa, akitazama mashamba yanavyokimbia. Curtis ndiye aliyeangalia chini. Kwenye sakafu, chini ya miguu ya kaka yake, palikuwa na chembechembe za rangi ya ugoro. Akadhani ni mkate. Akaziponda kwa kidole. Hazikuwa na mafuta.

Kila mtu wa creps anajua siku hizi, na Curtis angejua kama asingejitoa kwenye mazungumzo yao. Soli ya povu haihifadhiki. Unyevu unaingia humo polepole, na kama hakuna mguu unaoikanyaga na kuipinda, unatulia ndani ukiitafuna. Ukiifunga kwa nailoni ndiyo umeumaliza mchezo, maana unyevu nao umeufungia mlango. Kiatu kinabaki bibi harusi kwa juu huku chini kimekwisha kufa. Kwa hiyo kila mwezi, kwa kitambaa na kwa mapenzi, Curtis alikuwa akiua kitu alichokabidhiwa.

Walipofika London Bridge, ambako walitakiwa kubadilisha treni, Delano alisimama mbele ya mlango wa behewa na kutulia, mikono pembeni, anangoja. Abiria wakajazana nyuma yake. Mlango ukabaki umefungwa.

"Bro, vipi, tunashuka au tunapiga picha?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Kuna kitufe," Curtis akamnong'oneza. Kisha akanyoosha mkono, akakibonyeza yeye. Delano alikuwa anangoja afunguliwe. Miaka yote ile hakuna mlango uliokuwa kazi yake.

Akashuka kwa aibu, kwa haraka, na aliposhusha mguu wa kulia soli ikabaki kwenye kizingiti cha treni. Yote, na kisigino chake na kile kidirisha cha hewa. Akapiga hatua nyingine. Ya kushoto ikapasuka katikati kama biskuti iliyoingia maji ikakauka. Nyuma yake ukaachwa mstari wa unga. Watu walikuwa wengi, na wote, kwa kuwa ni London, waliona bila kutazama. Wasichana wawili wa shule tu ndio waliotazama. Mmoja akamshika mwenzake mkono.

"We! Cheki creps za anko! Zinamwagika!"

Delano akalifikia benchi la karibu, akaketi, akaivuta miguu chini ya kiti na kuuweka mfuko wake mbele ili uizibe. Uso ulikuwa umempauka.

"Kaka, samahani," Curtis akasema. "Naapa sijui imekuwaje. Nilizitunza. Mungu shahidi, nilizitunza."

Delano akauvuta mfuko karibu zaidi na miguu. Treni ya Croydon ikaja, watu wakapanda, ikaondoka.

"Hiyo ndiyo yetu."

"Naiona."

"Ipo nyingine. Simama basi."

"Sisimami."

Curtis akatazama saa kubwa ya kituo. Muda ulikuwepo, lakini si wa kuchezea. "Delano, ukichelewa wanakurudisha."

"Wanirudishe." Alisema kwa utulivu uliomtisha Curtis kuliko kelele. "Wewe unajua hosteli ni nini? Ni jela yenye mapazia. Nikiingia pale, wote wataanza miguuni. Mtu wa kwanza akiniona hivi, nimekwisha. Nitaosha vyombo vyao mpaka nife. Kule ndani walau wananijua. Kule najua nakaa wapi, nakula na nani, mlango unafungwa saa ngapi."

"Vaa vyangu."

Delano akaviangalia viatu vya kuendeshea basi, vile vyeusi vya kamba, akavicheka puani. "Hivyo? Hivyo si viatu, hivyo ni matoroli. Nitoke jela niingie mtaani na matoroli?"

Treni nyingine ikaja. Ikaondoka. Curtis akasimama mbele ya benchi, akizungukwa na watu wanaojua waendako, akahisi lile boksi tupu kwapani linamkaba. Alikuwa amelibeba tangu asubuhi bila kujua kwa nini halitupi. Ndipo kitu kikakatika ndani yake.

"Sikiliza wewe!" Sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, na mzee mmoja akahamisha gazeti lake. "Unataka kurudi kwa sababu ya creps? Mimi nimekaa miaka kumi na sita na creps! Sikwenda kwa Mama kwa sababu ya creps. Adwoa ameniacha kwa sababu ya creps! Nimelala na bomba linalovuja nikilihesabu tone kwa tone, nikisema la, kaka akitoka azikute safi. Nimezifuta mpaka kitambaa kimeisha. Sijazivaa hata dakika moja, Delano, hata dakika moja, na leo unaniambia unarudi ndani? Basi na mimi nirudi wapi?"

Delano akainua kichwa. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Hukuzivaa?"

"Nimekwambia sikuzivaa!"

"Hata mara moja? Wewe? Curtis?"

"Si ulisema uzikute safi!"

"Dogo." Delano akajifuta mdomo kwa kiganja. "Tangu lini ukanisikia mimi? Ulikuwa unaniibia mpaka soksi. Nilivyopiga kelele vile mahakamani nilijua kabla Mama hajafika nyumbani umeshazivaa. Ndiyo maana nilisema. Nilitaka uzivae huku unaniogopa, kama siku zote."

Curtis akakaa. Boksi akaliweka magotini.

"Unajua nililalaje kule?" Delano akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nakutembeza. Nalala chali, nakutoa nyumbani na creps zangu, nakushusha barazani, nakupitisha kwa kinyozi, sokoni, mpaka uwanjani. Mvua ikinyesha dirishani nasema, yule mpumbavu hivi sasa yuko kwenye matope na creps zangu. Nilikuwa nakasirika kwa raha! Mwaka wa pili nikasema sasa zimeingia mkunjo. Wa tatu, amezitoboa. Halafu nikasema atanunua nyingine, na hizo nazo nikazitembeza. Hivyo ndivyo nilivyokaa mle bila kuwa mwehu. Nilijua kuna miguu ya namba yangu iko nje."

Miguu hiyo haikuwepo nje. Ilikuwa sebuleni Tottenham, inasikiliza bomba. Curtis alitaka kusema hivyo, lakini machozi yakaanza kumtoka mchana kweupe mbele ya abiria wa London Bridge. Delano akamwekea mkono shingoni. Wakakaa hivyo, watu wazima wawili, miguu ya mmoja imefichwa nyuma ya mfuko wa plastiki, na unga wa ugoro umetapakaa chini ya benchi.

Tangazo la treni likasikika. Croydon.

Curtis akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake vyeusi. "Lete hizo."

"Lete nini?"

"Creps. Vua. Wewe vaa matoroli, mimi navaa hizi."

"Umechanganyikiwa? Hazina soli!"

"Zinanidai. Lete, kabla hujarudishwa ndani kwa ujinga wako."

Delano akamtazama. Kisha akazivua, akampa. Viatu vya basi vilikuwa bado na joto la mguu alipovivaa, na alipokanyaga sakafu alikanyaga kweli, kisigino chote. Curtis naye akaingiza mguu ndani ya zile creps. Ngozi nyeupe ilimkumbatia vizuri kabisa, kama ilivyostahili kumkumbatia akiwa na miaka kumi na sita. Chini palikuwa na kitambaa tu na baridi ya sakafu. Akasimama. Boksi akaliacha kwenye benchi.

Mlango wa treni ukasimama mbele yao umefungwa. Curtis hakunyoosha mkono, ingawa roho ilimruka na saa ilikuwa juu yao pale. Delano akakiangalia kile kitufe. Akakibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu nyingi kuliko kilivyohitaji, na mlango ukafunguka.

Croydon ilikuwa na mvua nyembamba. Kutoka kituoni walikwenda nusu wakikimbia, Delano mbele akipiga kishindo na matoroli yake, Curtis nyuma akimwaga kilichobaki. Ngozi ya mbele iliingia mkunjo wa kwanza, wa pili, ikawa makunyanzi matupu. Maji yakapenya hadi kwenye soksi.

"Unatembea vibaya!" Delano akamkemea bila kugeuka. "Usipinde vidole!"

"Napinda!"

"Mwizi mkubwa wewe!"

Hosteli ilikuwa nyumba ya matofali yenye kengele na kamera. Delano aliibonyeza mwenyewe. Mwanamke mwenye kitambulisho shingoni akafungua, akatazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa haijafika saa nane kwa tofauti ndogo ya kutia aibu, akamtazama Delano miguuni, akasema, "Karibu. Ndugu anaishia hapo nje." Mlango ukafungwa kwa mlio ambao wote wawili waliujua.

Curtis akabaki barabarani. Hakuwa na boksi, wala amana, wala wa kumngoja nyumbani, na hakujua aende wapi. Hilo lilimtisha. Dirisha la juu likafunguka, upana wa kiganja tu, maana hapo ndipo lilipofungwa lisiendelee, na mdomo wa kaka yake ukatokea kwenye upenyo.

"Oya, dogo! Angalia dimbwi hapo mbele! Usizikanyagishe maji creps zangu!"

Curtis akalitazama dimbwi. Lilikuwa refu, la kahawia, lenye mafuta ya magari juu yake. Angeweza kulizunguka. Akalirukia kwa miguu yote miwili, na kutoka kwenye ule upenyo wa kiganja akamsikia Delano akimtukana, kama zamani.